Seli mundu na maneno ya watu: maswali yanayoulizwa kila mara Malindi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye foleni za kliniki, vikao vya wazazi na barazani, kuanzia Shela na Maweni hadi Mambrui na Marafa. Nusu yake yahusu ugonjwa wenyewe. Nusu nyingine yahusu watu wanaomzunguka mgonjwa, ambao mara nyingi humchosha kuliko ugonjwa. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, utaelekezwa kwa nambari.

## Mambo ya msingi

1. Seli mundu ni ugonjwa gani? Unaambukiza?

Hauambukizi. Si kwa kikombe, si kwa kitanda, si kwa mate, si kwa kujamiiana. Mtu huzaliwa nao kwa kurithi jeni ya S kutoka kwa baba na kutoka kwa mama.

Chembe nyekundu za damu zina himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Himoglobini ya aina ya S ikikosa oksijeni hujipanga nyuzi nyuzi, na chembe iliyokuwa laini na duara hugeuka ngumu, imepinda kama mundu. Chembe hizo hukwama ndani ya mishipa midogo, na sehemu iliyokuwa ikingoja damu huanza kuuma. Tena hazidumu: chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu hata akila vizuri.

2. Mbona umejaa sana huku Pwani? Si mkono wa mtu?

Ni malaria. Aliyerithi jeni moja tu ya S (AS) haugui seli mundu, na malaria kali humshika kwa shida. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka wa 1954 baada ya kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Katika nchi ya mbu, wenye AS walipona utotoni, wakakua, wakazaa, na jeni ikasambaa. Ndiyo sababu imejaa Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye miinuko yenye baridi isiyokuwa na malaria.

Kinga hiyo ni ya AS peke yake. Mwenye SS, yaani aliyerithi jeni mbili za S, akipata malaria yumo hatarini kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

3. Upande wa mume wanasema mama ndiye aliyeleta "damu mbaya". Ni kweli?

Si kweli, wala haiwezekani. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa kila mzazi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS, 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya kutokuwa na jeni hiyo kabisa. Hesabu huanza upya kila mimba: kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Baba akikataa kupimwa, hakuna haja ya kugombana. Majibu ya mtoto yenyewe yamekwisha kumtaja.

4. Kipimo cha siko kimeonyesha "ndiyo". Basi mtoto ni mgonjwa?

Bado hujui. Siko, kipimo rahisi kinachofanywa maabara nyingi, huonyesha tu kwamba S ipo. Hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi 6 chaweza hata kuikosa. Omba kipimo cha aina za himoglobini, ambacho maabara hukiita elektroforesisi. Kama mtoto ameongezwa damu karibuni, mwambie daktari kabla ya kupima, kwa kuwa kipimo kitasoma damu ya aliyechangia. Kwa kawaida husubiriwa miezi 3.

Cheti cha majibu kipige picha, kihifadhi. Utaombwa ukionyeshe tena na tena.

5. Macho yake ni ya manjano, na majirani wameanza kumtengea sahani. Tuwaambie nini?

Rangi hiyo hutokana na chembe nyekundu zinazovunjika upesi kuliko ini linavyoweza kusafisha mabaki yake. Si ugonjwa wa ini wa kuambukiza. Jibu fupi latosha: "Mama, hiyo ni rangi ya damu iliyovunjika. Anayo tangu azaliwe, na sisi sote tunakula naye sahani moja." Kisha kaeni mle naye mbele yao. Hilo huwatoa wasiwasi kuliko maelezo marefu.

Manjano yakikolea ghafla, pakawa na homa au maumivu ya tumbo upande wa kulia, hapo ni hospitali: huenda ni mawe ya nyongo au malaria.

## Nyumbani

6. Dawa za kila siku ni zipi, na zipi zaachwa?

Mtoto wa chini ya miaka 5 humeza penisilini mara mbili kwa siku: miligramu 125 kila mara hadi afike miaka 3, kisha 250. Bandama yake imeharibika mapema na haimkingi tena na bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo hiyo chanjo zisikose hata moja. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza chembe mpya. Ya malaria, kwa kawaida ni proguanili kila siku, pamoja na chandarua.

Haidroksiurea ndiyo iliyobadilisha maisha ya wengi. Huurudishia mwili himoglobini ya kitoto, ile isiyopinda, na mashambulizi ya maumivu hupungua. Kipimo chake hupangwa kwa uzito, damu hupimwa mara kwa mara, na faida huonekana baada ya miezi, si siku. Wengi huiacha mwezi wa pili wakidhani haifanyi kazi.

Kinachokosewa sana ni vidonge vya madini ya chuma. Duka la dawa likisikia "hana damu" hukupa chuma. Mgonjwa huyu hapungukiwi na chuma kwa sababu ya seli mundu. Chembe zikivunjika chuma hubaki mwilini, na akiongezwa damu hupata kingine. Usimpe mpaka kipimo kionyeshe kwamba kweli kimepungua.

7. Maumivu yakianza usiku, tufanye nini?

Anza mapema, usingoje yapande. Maji kwanza, yasiyo ya friji, kidogo kidogo kila dakika chache. Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 (vidonge 2 vya miligramu 500) kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo: wa kilo 20 apewe 300. Angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu huimeza mara mbili bila kujua. Ibuprofeni iambatane na chakula, wala isitumike akiwa anaharisha, anatapika au ana shida ya figo. Mtoto asipewe aspirini.

Panapouma pawekwe kitambaa cha maji ya moto kiasi. Barafu ni marufuku: hubana mishipa na kuongeza kile kile unachokipigania. Kuchua kwa nguvu nako kuache. Kupapasa kwa mafuta si neno.

Siku za kawaida mtu mzima anywe lita 3 hivi, wa kilo 20 lita moja na nusu, na zaidi joto la kaskazi likipamba. Usitegemee rangi ya mkojo kujua kama maji yametosha. Figo zake hutoa mkojo mweupe hata mwili umekauka. Hesabu chupa.

8. Ni dalili gani zisizongoja asubuhi?

Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi. Kifua kuuma au pumzi kuwa fupi. Udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kuvurugika au kichwa kuuma vibaya ghafla, kwani kiharusi huwapata hata watoto. Kupauka ghafla huku tumbo likivimba chini ya mbavu za kushoto: ni bandama imemeza damu, na mtoto aweza kufa kwa saa chache. Mwombe sista kliniki akufundishe kuipapasa. Inachukua dakika mbili. Ongeza hapa maumivu yasiyoshuka kwa dawa za swali la 7, na lile la swali la 22.

Mpango wa usafiri uwe tayari kabla: nambari ya tuktuk anayepokea simu usiku, nauli iliyotengwa, na mfuko wenye kadi ya kliniki, majibu ya damu, orodha ya dawa na kanga au shuka nzito. Wodi zina feni.

9. Ana miaka 9 na bado anakojoa kitandani. Tumemchapa, tumemnyima maji jioni, hakuna kitu.

Hakutakuwa na kitu, maana si tabia. Seli mundu huharibu sehemu ya figo inayokoleza mkojo, basi hutoa mkojo mwingi mwepesi mchana na usiku. Kibofu hujaa saa sita, naye yu usingizini. Hili ni la kawaida sana kwa watoto hawa, wavulana zaidi, na wengi huliacha wenyewe wakikua.

Kumnyima maji jioni ndilo kosa kubwa. Mwili hukauka alfajiri, na maumivu hufuata. Sogeza tu saa: sehemu kubwa anywe kabla ya alasiri, lakini akiwa na kiu usiku apewe. Amshwe mara mbili, saa tano na saa tisa, ajiendee mwenyewe akiwa macho, si kubebwa akiwa amelala. Karatasi ya nailoni chini ya shuka, shuka ya pili mezani ili abadilishe bila kumwamsha mtu. Na godoro lisianikwe upande wa njia. Wenziwe wakipita kwenda shule wakaliona juu ya ukuta, lile doa litamfuata hadi darasani, na nyimbo za kikojozi zitamaliza kazi.

Akiwa alikwisha kuacha kisha akaanza tena, au akilia anapokojoa, apimwe mkojo.

10. Bibi anataka tumpeleke kwa mganga, na babu anataka kombe. Tukatae?

Kombe na dua havipingani na vidonge, na babu akiombwa kusoma huku mtoto anameza dawa yake, nyumba hubaki na amani. Mipaka iwe mitatu: asichanjwe chale (wembe, uchafu, damu yenyewe ni haba), asikatazwe maji wala chakula, na dawa isisimamishwe "ili nyingine ifanye kazi". Atakayekubali mipaka hiyo karibu. Asiyekubali, basi.

Wako pia wanaonong'ona mumiani kila wanapomwona mtoto akitolewa damu. Waambie chupa ya kipimo ni mililita chache, na wakipenda waje waone.

## Maneno ya watu

11. "Jana alicheza mpira, leo anasema hawezi kusimama. Anadanganya?"

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Chembe huziba mishipa kwa saa chache, na kinachochochea huenda kilikuwa mpira wenyewe: jasho, maji kidogo, kisha upepo wa kusi juu ya fulana iliyolowa. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoonyesha maumivu. Mapigo ya moyo na presha huweza kuwa sawa kabisa mtu akiwa kwenye 9 kati ya 10.

Watu huku humwamini mgonjwa aliyelala, aliyekonda, anayelia. Mwenye seli mundu aliyezoea maumivu tangu utotoni aweza kuwa ameshika simu na kuzungumza huku mfupa unawaka, kwa sababu simu humsahaulisha. Kumtaka alie kwanza ndipo asaidiwe ni kumfundisha kuigiza. Akiigiza, mnamwita mwongo.

12. Ndugu wanasema najidekeza. Nijibu nini bila kuvunja heshima?

Usieleze ugonjwa wote kila mara, utachoka. Toa ombi moja lililo wazi. Kwa mkubwa: "Shikamoo shangazi. Leo mifupa imenishika. Nikiosha vyombo kwa maji baridi nitalazwa kesho. Nitachambua mchele nikiwa nimekaa." Umekubali kazi, umebadilisha kazi, na sababu imesemwa kwa sentensi moja. Kwa rika lako waweza kuwa mkavu zaidi: "Huoni, lakini yapo. Sikuombi uamini, nakuomba ubebe ndoo."

Shughulini, hasa harusi na matanga, kazi za wanawake ni za kusimama juani au kukesha. Afadhali umwambie mwenye shughuli siku moja kabla, kuliko kutoweka katikati. Anayetoweka ndiye anayesemwa.

13. Wengine hawanisemi vibaya, wananihurumia tu. Mbona inauma vile vile?

Kwa sababu ndani ya "maskini mtoto wa watu" mna hukumu. Mtoto haagizwi dukani, hapewi jukumu, ada yake ya shule inahamishiwa kwa ndugu yake "mwenye maisha". Ule usemi kwamba hawavuki miaka 18 ulitokana na zama ambazo watoto walikufa kwa nimonia na malaria kabla hata ya kupimwa. Kwa penisilini, chanjo, haidroksiurea na kliniki, wapo watu wazima wengi wenye ugonjwa huu wanaofanya kazi na kulea wajukuu.

Atakayemwambia mtoto hivyo mbele yako, mkatize papo hapo. Usingoje aondoke.

Jambo moja husahaulika: miili yao huchelewa, balehe yaweza kuja nyuma kwa miaka miwili hivi. Kijana wa miaka 16 anayeitwa "katoto" na kutengwa na wenzake hahitaji huruma, anahitaji kuambiwa kwamba atafika.

14. Hospitalini naambiwa "huyu amezoea sindano". Nifanyeje?

Hili ndilo lililo zito kuliko yote, kwa sababu hapa dharau hugeuka kuwa madhara. Miongozo ya kimataifa yasema dawa ya maumivu ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Mgonjwa anayejua jina na kiasi cha dawa inayomfaa hushukiwa kwa ujuzi huo huo, ilhali mwenye kisukari akijua kipimo chake cha insulini husifiwa.

Zungumza kwa mpangilio ambao mhudumu ameuzoea: "Sista, nina seli mundu, SS. Maumivu ya mgongo na mapaja, 8 kati ya 10, yalianza saa kumi alfajiri. Nimemeza parasetamoli gramu 1 saa kumi na mbili. Sina homa, kifua hakiumi. Mara ya mwisho nilipolazwa, dawa iliyonisaidia imeandikwa hapa." Kisha mpe karatasi. Yenyewe iandikwe na daktari wa kliniki yako siku uko mzima: aina ya ugonjwa, kiwango chako cha kawaida cha damu (himoglobini), dawa na vipimo vyake, mzio, na mhuri. Kiwango cha kawaida ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa ambaye damu yake siku zote ni 7 hahitaji kuongezwa kwa kuwa tu imesoma 7, na yule wa 9 aliyeshuka hadi 6 amepata tatizo jipya.

Awepo mtu wa pili atakayesema ukishindwa. Ukipuuzwa, uliza kwa upole jina la msimamizi wa zamu, na andika saa uliyofika na saa uliyopewa dawa. Malalamiko yaanze kwa uongozi wa hospitali, kwa maandishi. Yakikwama, kuna mabaraza ya madaktari, ya wauguzi na ya maafisa wa kliniki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Upande wa pesa: hakikisha SHA, bima ya afya ya serikali, iko hai kabla ya kuugua. Usajili ni kwa *147#. Asiye na mshahara hulipia mwaka mzima kwa pamoja, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Michango ikiwa imelala, bili ya wodi ni yako.

## Shule na kazi

15. Shuleni tuombe nini hasa?

Usiende na "mtoto wangu ni mgonjwa, mumwangalie". Mwalimu mwenye wanafunzi 70 hawezi kuangalia. Nenda na barua ya kliniki na mambo manne: chupa ya maji mezani wakati wote, ruhusa ya kwenda choo bila kuinua mkono mara tatu (sababu ni ya swali la 9), sweta hata kama si ya sare, siku za baridi ya Juni hadi Agosti, na asikimbizwe mbio za kuzunguka uwanja, ila acheze anavyoweza na apumzike akitaka. Kumfungia darasani wakati wa michezo si msaada.

Kuogelea baharini si marufuku. Aingie jua likiwa juu, atoke kabla hajaanza kutetemeka, ajifute na avae kavu hapo hapo ufukweni.

Acheni nambari ya simu, na waelewe kwamba homa si ya kumpa panadol na kumlaza ofisini. Kwa mitihani ya kitaifa, shule huomba muda wa ziada kwa KNEC, baraza la mitihani, wakati wa kusajili watahiniwa. Ukiomba wiki ya mtihani umechelewa.

16. Mwalimu amemchapa kwa kukosa shule siku 5 alipokuwa wodini.

Viboko ni marufuku kwa mtoto yeyote, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imesema. Mwone mwalimu mkuu ukiwa na karatasi ya kuruhusiwa hospitali, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Watoto hawa mwalimu akiwadharau, darasa zima huiga.

17. Nafanya kazi hotelini. Nimwambie meneja?

Uamuzi ni wako. Faida ni kwamba utaweza kuomba zamu isiyo ya usiku, au kutoka kwenye chumba cha friji hadi mapokezi. Hasara unaijua. Ukisema, sema kwa maandishi na kwa mtu mmoja anayehusika; habari za afya ni za siri chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na meneja hana ruhusa kuzitangaza jikoni.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa, baada ya miezi 2 mfululizo kazini, siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila miezi 12. Sharti utoe taarifa mapema na ulete cheti cha daktari. Kukimbilia kwa simu ya ndugu siku ya tatu ndiko kunakowaponza wengi. Mwajiri akitaka kukuachisha kwa sababu ya afya, lazima kwanza akuite, akueleze sababu, na usikilizwe ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama. Asipofanya hivyo, nenda ofisi ya leba.

Vibarua wa siku moja moja, kwa bahati mbaya, hawafaidi sana hapa. Wao hutegemea mnyapara mwenye utu.

18. Kisheria mimi ni mlemavu au mgonjwa?

Waweza kuwa vyote. Kifungu cha 260 cha Katiba kinahesabu kuwa ulemavu hata maradhi yanayoathiri kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu shughuli za kila siku, au yanayodhaniwa na sehemu kubwa ya jamii kuwa na athari hiyo. Soma mwisho wa sentensi hiyo tena: dhana ya watu yenyewe yatosha. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa hali ya afya na kwa ulemavu, na cha 54 kinataka mtu asiitwe kwa jina la kumdunisha.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo jingine. Hupatikana kwa kupimwa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoteuliwa, nao huangalia madhara, si jina la ugonjwa. Aliyepata kiharusi, nyonga iliyokufa au kidonda cha mguu kisichopona ana hoja nzito zaidi. Nenda na picha za eksrei na kumbukumbu za kulazwa.

## Mambo ya pembeni

19. Ramadhani nisipofunga, watu wananitazama.

Qurani, sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185, imemtoa mgonjwa. Saa 13 na zaidi bila maji, katika joto la Malindi, ni kichocheo cha maumivu chenye uhakika. Asiyetarajiwa kupona hutoa fidya ya kumlisha maskini mmoja kwa kila siku. Mwulize shekhe wako mbele ya wazazi, ili lisiwe neno lako peke yako. Kula faraghani ni adabu, lakini kukosa maji kwa kuogopa macho ya watu si ibada.

20. Posa imerudishwa waliposikia nina seli mundu.

Mwenye SS akioana na asiye na jeni hiyo, watoto wote watakuwa AS, na hakuna atakayeugua. Akioana na AS, kila mimba ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo swali la haki ni "wewe umepimwa?" Familia inayorudisha posa bila kijana wao kupimwa haijajikinga na chochote, maana atakayemwoa baadaye huenda akawa AS kama yeye.

21. Naweza kuzaa?

Wengi huzaa salama, lakini ni mimba ya kufuatwa hospitalini tangu mwanzo, na kujifungulia hospitali. Haidroksiurea husimamishwa kwa ushauri wa daktari kabla ya kushika mimba. Wanaume nao wamwambie daktari wakipanga mtoto.

22. Uume unasimama wenyewe, unauma, haushuki. Naona haya.

Ni damu iliyokwama, si uhuni, na huwapata hata wavulana wadogo. Kunywa maji, kojoa, tembea taratibu, oga maji ya vuguvugu, meza dawa ya maumivu. Zikifika saa 2, toka nyumbani. Zikipita saa 4, nguvu za kiume zaweza kupotea kabisa. Langoni sema tu "nina seli mundu, nina dharura ya mkojo", ya ndani mwambie daktari. Wazazi, waambieni wavulana wenu kabla hayajatokea.

23. Nyonga imeharibika, natumia fimbo, nina miaka 24. Nikikaa kiti cha mbele cha matatu wazee wananifokea.

Kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu hufa, na mtu hubaki akichechemea. "Shikamoo mzee, nyonga yangu ni mbovu, nisaidie nikae hapa" hufanya kazi mara nyingi. Isipofanya, kondakta akionyeshwa fimbo tangu kupanda huwa upande wako. Huna deni la kueleza zaidi ya hapo.

24. Nimepata nafasi ya chuo Nairobi. Niende?

Nenda. Mji uko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, oksijeni ni kidogo na Julai ni baridi, kwa hiyo wiki mbili za kwanza usipande ngazi mbio. Basi la usiku lenye kiyoyozi ni tatizo kuliko Nairobi yenyewe: vaa soksi na koti tangu Malindi, beba lita 2 za maji, na shuka kunyoosha miguu kila linaposimama, hata kama jirani analalamika kwamba unamkanyaga. Chukua dawa za miezi 2, barua ya rufaa na ile karatasi ya swali la 14. Ujisajili kliniki ya huko wiki ya kwanza, kabla hujaugua. Omba chumba cha chini bwenini, na uombe kwa maandishi.